MLANGO WA CHUO KIKUU HUFUNGULIWA KIDATO CHA TATU



 Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wa Kiriba na vijiji jirani, mwaka huu tumeona tuache kidogo masomo yetu ya kawaida ya fiqhi na sira katika ukurasa huu, tuzungumzie jambo tunaloulizwa karibu kila Ijumaa watu wakitoka kuswali. Jambo lenyewe ni hili: mtoto asome masomo gani ili aweze kuingia chuo kikuu cha serikali, na akishaingia adaiwe nini mpaka atoke na shahada yake?

Swali ni zuri, lakini kwa kawaida linaletwa limechelewa. Mzazi anakuja nalo matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, karatasi mkononi. Wakati huo nusu ya jibu imekwisha kuandikwa, na aliyeiandika ni mtoto mwenyewe, siku ile alipomaliza upimaji wa kidato cha pili akaulizwa anaendelea na masomo yapi. Aliacha Fizikia kwa kuwa rafiki yake ameacha. Aliacha Kemia kwa kuwa maabara haina vifaa. Hakuna aliyekaa naye nyumbani kumwuliza.

Tuseme mapema kwamba hatumwambii kila mtoto lazima aende chuo kikuu. Fundi mzuri wa mitumbwi, mvuvi anayejua ziwa lake na mkulima wa mihogo anayelisha familia yake kwa halali ni watu wenye heshima mbele ya Mola wao. Tunachokataa ni mtoto kukosa mlango kwa sababu tu hakuna aliyemwonyesha ulipo.

ALAMA "A" YA DINI INAHESABIWA WAPI?

Tuanze na linalouma, kwa kuwa linawahusu wanafunzi wa madrasa kuliko watu wengine wote.

Yupo kijana aliyesoma hapa kwetu tangu juzuu ya kwanza. Kidato cha nne alipata A katika Elimu ya Dini ya Kiislamu, yaani EDK, akapata B ya Kiswahili na C ya Uraia, na mengine yote akapata D, isipokuwa Hisabati ambayo alianguka. Nyumbani kwao walihesabu krediti tatu wakafurahi, wakanunua na godoro la bweni. Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha tano yalipotoka, jina lake halikuwemo. Baba yake alikuja kwetu akidhani kuna aliyemfanyia hila mwanawe.

Hapakuwa na hila. Katika masharti ya miaka ya karibuni, mwanafunzi wa kuchaguliwa kidato cha tano katika shule za serikali anatakiwa awe na ufaulu wa A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini. Ukiondoa EDK, kijana wetu alibaki na krediti mbili. Maneno hayo, "yasiyo ya dini", utayakuta tena kwenye vyuo vya kati, ambako astashahada na stashahada nyingi zinadai ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne bila kuhesabu masomo ya dini. Kanuni haikutungwa kwa ajili ya Waislamu peke yao, kwani majirani zetu Wakristo nao somo lao la Biblia linaachwa nje ya hesabu hiyo hiyo. Wazee wetu wengi inawaudhi, na wana haki ya kulijadili jambo hilo na viongozi wao. Lakini mtoto aliye kidato cha tatu leo hawezi kusubiri mjadala uishe. Anatakiwa aijue kanuni kama ilivyo.

Kutokana na kanuni hii tumeona watu wakishika njia mbili, na zote mbili hatuzikubali. Wa kwanza ni yule anayesema, "Basi EDK haina faida, iache." Huyu amesahau kwamba hatukumfundisha mtoto dini yake ili apate pointi za kidato cha tano. Wa pili ni mwanafunzi mwenyewe, ambaye kwa kuwa EDK anaiweza bila jasho, anaifanya ndiyo tegemeo lake na masomo mengine anayaburuta. Mwanafunzi wa EDK anatakiwa ahesabu hivi: kwanza nipate krediti zangu tatu, ikiwezekana nne au tano, katika masomo ya kawaida. EDK iwe juu ya hizo.

Kiarabu ni mas-ala nyingine. Kiarabu kinatahiniwa kama lugha, sawa na Kifaransa, wala si somo la dini, ingawa sisi tunakisoma kwa ajili ya dini. Tatizo ni kwamba shule nyingi za kata hazina mwalimu wake. Mwenye nafasi ya kukifanya asiidharau.

KUTOKA KIDATO CHA NNE KWENDA CHA TANO

Mbali na krediti tatu, zipo hesabu nyingine mbili. NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, inaipa A ya kidato cha nne pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Kwa hiyo mwenye pointi chache ndiye aliyefanya vizuri. Mchaguliwa wa kidato cha tano hatakiwi kuzidi pointi 25, ambazo ndizo mwisho wa daraja la tatu. Tena katika yale masomo matatu ya tahasusi anayoomba, ile ambayo wanafunzi wanaiita kombi, jumla isizidi 10 wala asiwe na F hata moja. Chukua karatasi ujumlishe: C na C na D ni 3 na 3 na 4, jumla 10. Huyo amepita kwa ukucha. C na D na D ni 11, na huyo hapiti.

Hapo ndipo utaona kwa nini tunasema kidato cha tatu. Mtoto aliyeacha Fizikia na Kemia hana cha kuweka kwenye PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) wala PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia). Hata CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) imemponyoka. Amebaki na HGK, HGL, HKL na ndugu zake. Si kombi mbaya, na mtoto anayependa Historia kwa dhati asilazimishwe kwenda maabara kwa sababu baba anataka kuitwa baba daktari. Lakini lazima ajue kwamba barabara hii ina mwelekeo mmoja. Wa sayansi anaweza kuhamia sanaa akachelewa kidogo, ila wa sanaa akitaka kurudi sayansi atarudia mitihani ya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, masomo ambayo hakuwahi hata kufundishwa.

Mwezi Machi mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49, zikafikia 65, zikiwemo zenye masomo ya dini. Habari hiyo ilipokelewa kwa furaha misikitini, nasi tulifurahi. Hata hivyo tunawaomba vijana wasikimbilie jina la kombi kabla ya kuuliza maswali mawili: ni shule zipi zinaifundisha, na ni kozi zipi za chuo kikuu zinaipokea. Fomu ya kuchagua kombi, ile selform, hujazwa shuleni mkiwa kidato cha nne, na baada ya matokeo kuna muda wa kuibadilisha. Wengi hawautumii muda huo kwa kuwa hawajui kama upo.

Vilevile mtaala ulioboreshwa, ambao ulianza kutekelezwa mwaka 2024, umebadili majina ya baadhi ya masomo na hesabu ya masomo ya lazima. Mdogo wako aliye kidato cha kwanza hatasoma kama ulivyosoma wewe. Msikariri orodha ya kaka mkubwa.

POINTI MBILI ZA CHUO KIKUU, NA KWA NINI WATU WANACHANGANYIKIWA

Anayeweka masharti ya chini ya kuingia vyuo vikuu ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Masharti hayo ni ya vyuo vyote, vya umma na vya binafsi. Chuo chenyewe kinaweza kuongeza masharti yake juu ya hayo, hakiwezi kupunguza.

Sasa tega sikio. NECTA huhesabu pointi za kidato cha sita kwa namna ile ile ya chache kuwa bora: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. TCU huhesabu kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Ukimsikia mtu anajisifu ana pointi 14, mwulize kwanza ni za nani.

Sharti la TCU ni kwamba mwombaji aliyemaliza kidato cha sita mwaka 2016 na kuendelea awe na ufaulu kamili katika masomo mawili, wenyewe wanauita prinsipo, na masomo hayo mawili yafikishe pointi 4. Ufaulu kamili ni kuanzia A mpaka E. S haimo. Na masomo hayo mawili si yoyote unayotaka wewe, ni yale yanayotajwa na kozi unayoiomba.

Tuwachukue wanafunzi watatu wa mfano, wote wa HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Wa kwanza amepata C, E na S. Kwa NECTA ana 3 na 5 na 6, jumla 14, daraja la tatu. Wa pili amepata B, S na S. Ana 2 na 6 na 6, jumla ni 14 vilevile, daraja la tatu. Wa tatu amepata E tatu, jumla 15, naye daraja la tatu. Mtaani wote watatu watapewa hongera sawa.

Twende kwa TCU. Wa kwanza ana prinsipo mbili, C ya 3 na E ya 1, jumla 4. Amefikisha, mradi kozi anayoomba inapokea Historia na Jiografia. Wa pili, pamoja na B yake nzuri, ana prinsipo moja tu. Hana sifa. Wa tatu ana prinsipo tatu, lakini ukichukua mbili yoyote unapata 1 na 1, ni 2, hazifiki 4. Naye hana sifa. Daraja moja, na ni mmoja tu kati ya watatu anayeingia. Wanafunzi wetu wa kidato cha tano na cha sita tunawaambia kila mara wasilitazame daraja, watazame masomo yao mawili. Anayeacha masomo mawili yaporomoke ili ang'ae katika moja anajidanganya.

Masomo ya ziada, kama ile Hisabati inayoitwa BAM, hayahesabiwi kuwa prinsipo. Lakini usiyatupe, tutaona punde kwa nini.

Kwa waliomaliza zamani: waliofanya mtihani wa kidato cha sita miaka ya 2014 na 2015 wana vyeti vyenye B+, kwa kuwa miaka hiyo alama zilipangwa vingine. Wao wanadaiwa C mbili zenye jumla ya pointi 4, na C yao inahesabiwa 2. Tumewataja kwa sababu wapo kaka na dada zao humu vijijini wanaodhani vyeti vyao vimekufa. Havijafa.

KOZI INATAKA NINI?

Pointi 4 ni kizingiti tu. Kozi nyingine ziko juu yake sana. Udaktari wa binadamu unadai prinsipo tatu katika Fizikia, Kemia na Biolojia zenye jumla isiyopungua pointi 6, na juu ya hapo kila chuo kinataja alama za chini kwa kila somo. Hata ukitimiza, waombaji wa Muhimbili ni wengi na nafasi ni chache, na wanaochukuliwa ni wale wa juu. Uhandisi unataka Hisabati ya juu na Fizikia. Kilimo mara nyingi kinataka Biolojia na Kemia. Ualimu unafuata masomo mawili utakayofundisha, na kwa watoto wetu wengi ndiyo njia iliyo karibu.

Hisabati ya kidato cha nne tunaiwekea fungu lake. Kozi nyingi za biashara, uchumi, takwimu na kompyuta, kama hukusoma Hisabati kidato cha sita, zinakuuliza kama ulifaulu ile ya kidato cha nne, au kama una ufaulu wa BAM. Tumewaona wenye HGK nzuri kabisa wakifungiwa nje ya kozi ya uhasibu kwa F ya Hisabati ya miaka miwili nyuma, F ambayo waliichekea kwa sababu darasa zima lilikuwa nayo. D ya Hisabati ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Na kwa ndugu zetu wanaojifunza mirathi, tunawauliza: mtu atagawaje theluthi na sudusi akiwa anakimbia visehemu?

Orodha ya kozi zote na masharti yake hutolewa na TCU kila mwaka kama mwongozo wa udahili, bure, kwenye tovuti yao. Mwongozo wa waliotoka kidato cha sita ni mmoja, wa wenye stashahada ni mwingine. Msichanganye. Na kama unategemea somo la dini la kidato cha sita liwe moja ya prinsipo zako, fungua jedwali la kozi usome kwa macho yako kama limetajwa. Usitegemee neno la mtu wa kijiweni, wala usitegemee letu.

Hapa pia tukumbushane kwamba mkoa wetu sasa una chuo kikuu cha umma, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, Butiama. Zamani mtoto wa Kiriba akisema chuo kikuu alimaanisha Dar es Salaam, safari ya kulala njiani.

AZIMIO LILILOPITISHWA MUSOMA

Masharti haya hayakushuka kutoka mbinguni. Yaliwekwa na watu na yamebadilishwa mara nyingi, na badiliko moja kubwa lilifanyika hapa hapa mjini kwetu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki, na wanafunzi 14 wa sheria, kikafanya kazi kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Aliyefaulu kidato cha sita alikwenda moja kwa moja. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikapitisha linalojulikana kama Azimio la Musoma. Wengi wanalikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote. Lakini azimio hilo lilisema pia kwamba kijana asitoke kidato cha sita akaingia chuo kikuu siku hiyo hiyo. Aende kwanza akafanye kazi, kisha apendekezwe na kazini kwake na chama. Cheti cha mtihani hakikutosha. Ilitakiwa na tabia ya mtu ijulikane. Miaka michache baadaye wasichana waliruhusiwa kupita moja kwa moja, maana waliokuwa wakiondoka kwenda kuolewa na kulea hawakuwa wakirudi kuomba tena. Hatimaye kanuni yote iliachwa.

Sisi tunaona palikuwa na hekima ndani yake, ya kumtaka msomi ajue jembe na jasho. Palikuwa na hatari pia, kwa sababu tabia ya mtu ikipimwa kwa barua ya bosi, asiyependwa na bosi amekwisha. Wazee wanaokumbuka miaka ile bado wapo. Waulizeni.

Majirani nao wana yao. Kenya, mwanafunzi wa mtihani wa KCSE anaingia chuo kikuu kwa wastani wa C+, bila kidato cha tano wala cha sita. Uganda wanataka prinsipo mbili za kidato cha sita, karibu na sisi. Wenye jamaa Migori au Busia wasipime vyeti vya upande mmoja kwa kipimo cha upande mwingine. Na mwenye cheti cha sekondari cha nje, ikiwemo thanawi ya nchi za Kiarabu, lazima akakilinganishe NECTA kabla hajaomba chuo hapa nchini. Cheti chetu cha madrasa tunakitoa kwa fahari, ila hakishiki nafasi ya cheti cha kidato cha nne.

ALIYEKOSA AFANYE NINI?

Kijana wetu wa EDK tuliyemtaja alikuwa na njia. Alikuwa na ufaulu wa zaidi ya masomo manne yasiyo ya dini, kwa kuwa D nayo ni ufaulu, hivyo milango ya vyuo vya kati ilikuwa wazi kwake. Mwenye stashahada anaingia chuo kikuu akiwa na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne na wastani, yaani GPA, usiopungua 3.0 katika stashahada yake. Njia hii ni ndefu kidogo, ila anayeipita anafika chuo kikuu tayari ana ujuzi mkononi, na anaweza kufanya kazi huku akisubiri.

Ipo pia ya Chuo Kikuu Huria, chuo cha umma kilichoanzishwa mwaka 1992. Aliyemaliza kidato cha sita akakosa zile pointi 4, lakini akapata angalau moja na nusu kwa masomo mawili, anaweza kusoma programu yao ya msingi, akifikisha GPA ya 3.0 pamoja na C katika masomo matatu ya fani yake, anaomba shahada. Wengi wa wale wa "E tatu" hawajui hili, na wanakaa nyumbani miaka.

Jambo dogo linaloangusha wengi ni majina. Shuleni ni Abdala, cheti cha kuzaliwa kinasema Abdallah, na kadi ya kliniki inasema Abdul. Siku ya kuomba chuo na mkopo, watu hawa watatu lazima wawe mtu mmoja, na kuwaunganisha kunataka kiapo cha mwanasheria, nauli na siku. Wazazi, lirekebisheni jina kabla mtoto hajasajiliwa mtihani wa kidato cha nne. Ni bure wakati huo.

Maombi yenyewe hupelekwa moja kwa moja chuoni kwa mtandao. Kati ya mwaka 2010 na 2017 yalipitia mfumo mmoja wa TCU, na ndiyo maana baadhi ya kaka zenu bado wanawaelekeza huko. Anayepata vyuo viwili anatumiwa namba ya siri, na lazima athibitishe kimoja. Asiyethibitisha anaweza kupoteza vyote.

UKISHAINGIA

Hapa tutapita haraka, kwa kuwa mwenye kufika hapa ataelezwa na chuo chake. Shahada inahesabiwa kwa krediti, na hizi si zile krediti za kidato cha nne. Krediti moja ni saa 10 za kazi, ikiwemo mihadhara, kujisomea na mitihani. Mwaka mmoja ni krediti 120, kwa hiyo shahada ya miaka mitatu ni 360 na ya miaka minne ni 480. Ukizidisha, mwaka mmoja ni saa 1,200 za kazi. Zipo kozi za lazima, zipo za hiari, na katika vyuo vingi zipo ambazo kila mtu anazisoma, kama stadi za mawasiliano na taaluma za maendeleo. Kukwepa moja ya lazima mwaka wa kwanza ni kuikuta inakusubiri mwaka wa tatu, wenzako wanapima majoho.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vingi vinavyofuata utaratibu wake, wastani unahesabiwa kwa kipimo cha 5. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 ni la pili la juu, 2.7 ni la pili la chini, na 2.0 ndiyo mwisho wa kupita. Aliyeanguka kozi anarudia mtihani, wanaita sapu. Anayeshuka chini ya kiwango anaondolewa, wanaita kudisko. Kazi za muhula zinaingia kwenye alama, mara nyingi 40 kwa 100, kwa hiyo yule wa kulala mpaka wiki ya mtihani ameshapoteza karibu nusu.

KUHUSU MUDA WA MADRASA

Baadhi ya wazazi, mtoto akifika kidato cha tatu, wanamtoa madrasa ili asome. Tunaelewa hofu yao. Mtoto anatoka shuleni saa tisa, anachota maji, anasaidia kuanika dagaa, na giza ndilo hilo. Walimu tumekaa tukakubaliana kwamba vidato vya tatu na vya nne wahudhurie siku tatu kwa wiki badala ya tano, na moja ya siku hizo, baada ya Alasiri, iwe ya Hisabati na Kiingereza humu humu madrasani, chini ya wanafunzi wetu waliotangulia wakiwa likizo na walimu wanaojitolea. Kuhifadhi Qur'an kumewazoesha watoto hawa kukaa na jambo gumu mpaka likae kichwani. Mazoea hayo yanafaa kwa kanuni za Kemia pia, tumeyaona.

MASWALI YA KUJIPIMA

Yajibiwe kwenye daftari, mzazi au mlezi asaini, yaletwe kwa mwalimu wa zamu kabla ya muhula kufunguliwa.

1. Andika masomo yote unayosoma sasa. Ondoa la dini. Katika yaliyobaki, yapi matatu una hakika ya kupata C au zaidi?

2. Taja kozi moja ya chuo kikuu unayoitamani. Inataka prinsipo katika masomo gani? Je, masomo hayo bado unayo?

3. Mwanafunzi wa PCB amepata D ya Fizikia, E ya Kemia na E ya Biolojia. Ana pointi ngapi kwa NECTA, na ngapi kwa TCU katika masomo mawili bora? Anaweza kuomba udaktari? Kuna kozi yoyote ya shahada anayoweza kuomba moja kwa moja? Eleza sababu.

4. Linganisha jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa na lililo kwenye rejesta ya shule, herufi kwa herufi.